Vigingi Nyuma ya Nyumba Yangu

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika kwa sababu Edelmira amechoka kunisikiliza, na paka hajibu.

Mvua za msimu zimeanza, na minga, kazi ya pamoja ya mtaa, nayo imeanza. Don Wilson alipuliza filimbi kabla jua halijakaa vizuri, utadhani anaita timu ya mpira. Yeye ni mwenyekiti wa mtaa, na filimbi hiyo anaipenda kuliko mkewe. Tukashuka korongoni, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake na chakula chake, kama tulivyofanya tangu enzi za kujenga ngazi na kuvuta maji. Hakuna anayelipwa na hakuna anayeuliza malipo. Leo tuling'oa nyasi za kikuyo na kutoa matairi na magodoro wanayotutupia watu wa mtaa wa juu, ili wiki zijazo tupande miti.

Palikuwa na mgeni. Anaitwa Rosalino Cajilema, mtu wa mkoa wa Chimborazo, amepanga chumba juu ya duka la kuziba pancha. Hana nyumba hapa, hana ukuta unaotazama korongo, hana cha kutetea, na bado alifanya kazi kutushinda sote. Mtu wa hivyo mimi namtazama mara mbili. Saa ya kula tulitandika kitambaa chini, kila mtu akamwaga alichobeba katikati, viazi, mahindi ya kuchemsha, jibini, pilipili, tukala kwa mikono. Yeye alimwaga viazi vyake, akachukua kimoja, akaenda zake kilimani akitafuna. Katika miaka yangu yote sijaona mtu mwema akikimbia kitambaa.

"Labda ana haya, komadre," Edelmira akasema. Binti yake nilimsimamia mimi ubatizo, ndiyo maana tunaitana hivyo, na nyumba zetu zinagusana.

"Mwenye haya hacheki kwa sauti vile," nikamwambia.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Simbilisi wangu mmoja amekufa, yule mnene.

Jumamosi, 12 Oktoba

Minga ya pili. Tumeandaa mashimo ya miche. Huyo Rosalino alikuja kusimama karibu nami, akajifuta jasho, akaniuliza huku akitabasamu, "Doña Targelia, ardhi yako inaishia wapi kule nyuma?"

Nikamuuliza, "Ya nini?"

"Nataka tu kujua."

"Inaishia pale unapoanza kunichosha."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini mimi sikucheka moyoni. Hakuna anayeuliza mpaka wa ardhi ya mjane kwa sababu anataka tu kujua.

Atakayesoma haya baada ya mimi kufa aelewe. Mimi na marehemu Lizardo tulifika hapa na vigingi, kamba na blanketi moja. Mtaa huu ndivyo ulivyozaliwa. Ulipigilia vigingi, ukalala juu ya ardhi yako, ukaamka una kwako. Baadaye wakaja wengine wenye vigingi, hao walikuwa matapeli. Walituambia wanapima mahali pa tangi la maji. Sisi tukawapa mpaka chai. Tangi halikuonekana, na kona yote ya chini ikauzwa kwa watu wawili wawili, maskini wakapigana wao kwa wao. Kwa hiyo mimi nikiona kigingi sihitaji kuelezwa na mtu.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeviona.

Nilikuwa naanika nguo nyuma. Nyumba yangu ni ya mwisho kabla ya korongo, na nyuma yetu kilima kinapanda mpaka barabara ya juu. Kule katikati ya mteremko, ndani ya nyasi, kuna vigingi vipya na kamba imekazwa baina yake. Vimeanzia ukingoni mwa korongo, vikapita nyuma kwangu kote, vikaendelea nyuma kwa Edelmira. Mistari imenyooka kabisa. Sikulala mchana kama desturi yangu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilimfuata Don Wilson dukani kwake. Alikuwa anapanga mayai.

"Mwenyekiti, nani anapima kilima?"

"Kupima nini, Doña Targe? Kijana anasaidia mambo ya kijani. Miti, maua."

"Maua yanapigiliwa kamba?"

"Mwache afanye. Ni kazi ya kujitolea."

Alisema hivyo bila kuniangalia, huku akipanga upya mayai ambayo alikwisha kuyapanga. Ninamjua Wilson tangu akiwa hana meno ya mbele. Anajua kitu. Nikatoka na mayai yangu na wasiwasi maradufu, sasa ni watu wawili wa kuwatilia shaka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumepanda miche ya aliso pande zote za korongo. Imependeza, lazima niseme. Hata wale vijana wa chuo waliokuja na glovu za rangi walifanya kazi, ingawa walijipiga picha zaidi ya kuchimba.

Watu walipokaa kula, Rosalino akanijia. Safari hii hakutabasamu.

"Doña, ule ukingo wako umechoka."

"Unasema wewe au umekuambia wenyewe?"

"Sikiliza. Chumba cha nyuma analala nani?"

"Mimi. Na panga langu."

"Ingekuwa mimi ningehamia cha mbele. Msimu huu tu."

Mwanamume ambaye mpaka juzi simjui anajua nina chumba cha nyuma, na anataka nikiache wazi. Nimesogeza kabati la nguo mlangoni na kitanda kiko pale pale.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya wafu. Nilimpelekea Lizardo maua na nikamweleza yote. Yeye angalau hanikatizi. Jioni tulinywa uji wa zambarau kwa Edelmira, tukala mikate ya sura ya watoto. Edelmira alinionyesha tena kile chumba kipya anachokijenga nyuma, utadhani sijakiona. Mwanawe Maribel anarudi tarehe 22 Desemba kutoka Murcia, Uhispania, alikokwenda kulea wazee wa watu akiwa msichana, na hajawahi kurudi hata mara moja. Mama yake amebeba tofali moja moja mwaka mzima. Ukuta ameupaka rangi ya pichi kwa sababu Maribel alikuwa anapenda mapichi.

Kisha nikaona mikate miwili imefungwa kwenye leso.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Rosalino. Hana mtu hapa, maskini."

"Edelmira! Mtu anapigilia vigingi nyuma ya chumba cha mwanao na wewe unampikia?"

"Amesema ni vya maji."

"Na wale wa tangi walisema nini?"

Akafunga leso vizuri zaidi. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kulifanya nyumbani kwake.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua na radi. Sijamsemesha Edelmira.

Jumamosi, 9 Novemba

Amechimba! Sasa hata kipofu ataona. Kando ya kamba kuna mtaro unaofika magotini, chini umetandazwa mawe, na upande wa chini amepanda mikonge mstari mzima kama watu wanavyopanda kwenye mipaka. Umeanzia korongoni na umeishia sawasawa kwenye kona ya nyumba yangu. Kwa Edelmira bado ni vigingi tu. Ndiyo maana hali na sisi. Wakati tunamenya viazi, yeye anatukatia kilima.

Nimeongea na mama wa duka la mikate, na yule fundi viatu, na akina Simbaña wote. Fundi viatu amesema naye alikuwa na hisia. Kila mtu alikuwa na hisia, kumbe walikuwa wananingoja mimi.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika yote, maana leo nimefanya kitu kikubwa na nataka nikikumbuke kilivyokuwa.

Baada ya kazi kitambaa kilitandikwa, chakula kikamwagwa, na Rosalino akachukua kiazi chake ili aondoke. Nikasimama mbele yake.

"Leo utakaa," nikasema. "Leo utakula na sisi, na utatuambia kilima unakikata kwa ajili ya nani."

Don Wilson akashika filimbi yake.

"Ni mtaro wa maji, Doña," Rosalino akasema. "Mvua ikizidi, maji yote ya barabara ya juu yanashukia nyuma ya nyumba zenu. Nayakata yaende korongoni."

"Na aliyekutuma ni nani?"

"Hakuna aliyenituma. Ndiyo maana ya kujitolea, au siyo?"

"Mtaro wa maji wenye vigingi na mikonge ya mpaka! Wenzako wa zamani walituambia ni tangi. Angalau ninyi mngebadilisha uongo."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho, sitaficha, kilinipa nguvu. Wengine nao wakaanza kumbana kwa maswali. Unatoka wapi hasa? Mbona huna familia? Mbona umepanga chumba na hujui utakaa mpaka lini? Akasema kwao mlima ulishuka juu ya mtaa wake, hataki kuuona mwingine ukishuka. Kisha akasema, "Kule juu kuna ufa. Umefunikwa na nyasi. Njooni niwaonyeshe, ni hapo tu."

"Haya, mmesikia!" nikapaza sauti. "Kwanza wanakuambia pana hatari. Unahama. Ukirudi una jirani mpya chumbani kwako!"

"Njooni tu muone," akasema tena.

Hakuna aliyekwenda. Viazi vilikuwa vya moto na manyunyu yalikuwa yameanza. Edelmira peke yake alisimama nusu, akanitazama, akakaa. Don Wilson alikuwa anakagua vidole vyake vya miguu. Mwisho fundi viatu akasema mtu huyu asije tena kwenye minga yetu wala asionekane kilimani, na mikono ikapanda. Wilson akapuliza filimbi, kidogo tu, kama mtu anayepumua.

Rosalino akaweka kiazi chake katikati ya kitambaa, pale alipokitoa. Akabeba jembe lake akaondoka.

Nilipanda mwenyewe kilimani kung'oa vigingi vyote vya nyuma kwa Edelmira. Ufa sikuutafuta. Vigingi nimechemshia supu ya jioni, na vimewaka vizuri kwa sababu ni mkaratusi mkavu. Nimempelekea Edelmira bakuli. Amelipokea.

Jumapili, 17 Novemba

Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 23 Novemba

Minga bila yeye. Kazi inakwenda polepole, lakini kwa amani. Don Wilson hakula. Nimemuuliza ana nini, akasema tumbo.

Ijumaa, 29 Novemba

Wiki nzima maji kutoka juu. Ajabu ni kwamba mwaka huu ukuta wangu wa nyuma ni mkavu. Miaka yote mwezi huu mimi huweka sufuria na matambara. Nadhani ni kwa sababu nilisafisha mifereji ya bati mwezi wa tisa.

Jumamosi, 7 Desemba

Minga imeahirishwa, korongo halishukiki. Miche ya chini imekwenda na maji, ya juu imeshika. Nimemwona Rosalino amesimama barabarani chini ya mwavuli anatazama kilima chetu. Nilimtazama mpaka akaondoka.

Alhamisi, 12 Desemba

Edelmira ameniita nione ukuta wa pichi. Chini kumetoka alama ya unyevu, pana kama shuka.

"Rangi mpya hutoa jasho," nikamwambia.

"Kweli, komadre?"

"Kweli."

Nilisema tu. Sijui lolote kuhusu rangi.

Jumatano, 18 Desemba

Sijui nianzie wapi, naanzia jana jioni. Novena, zile sala za siku tisa kuelekea Krismasi, ilikuwa kwangu. Sebule ilijaa, watoto wamekaa chini mbele ya hori, Edelmira alikuwa anaongoza wimbo maana ana sauti. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tunaimba kwa kupiga kelele. Kisha tukasikia kitu kama lori linamwaga kokoto, ila lori hilo halikumaliza kumwaga. Taa zikazimika. Nyumba ikasukumwa mara moja, kama mtu amekupita kwa bega.

Tukatoka nje. Nyumba yangu ilikuwa imesimama. Ya Edelmira imesimama mbele tu. Nyuma, palipokuwa na chumba cha pichi, palikuwa na kilima. Bati moja lilikuwa limesimama wima ndani ya matope. Edelmira aliparamia akaanza kufukua kwa mikono, anasema kitanda, kitanda, shuka ni mpya, na ilibidi wanaume watatu kumshusha. Hakuna aliyekufa. Naandika tena ili niamini. Hakuna aliyekufa kwa sababu wote tulikuwa kwangu tunaimba.

Leo filimbi ilipulizwa na mtaa mzima ukaja na majembe. Bila kuitwa na mtu, Rosalino alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyemwambia aondoke. Alipita mbele yangu akasema, "Habari za asubuhi, Doña," nami nikainamia jembe langu.

Baadaye nikapanda kilimani. Sikumwambia mtu. Ule mtaro ulikuwa umejaa maji ya kahawia yanakwenda mbio, unayazungusha nyuma ya nyumba yangu na kuyamwaga korongoni, mikonge imekaa mahali pake, hata jiwe moja halikuondoka. Nikafuata mtaro mpaka kona ya nyumba yangu, pale ulipokoma. Kutoka pale kilima hakikuwepo. Mashimo ya vigingi nilivyong'oa yalikwenda nacho.

Rosalino alinikuta hapo. Nilitaka kusema mengi. Nilichosema ni hiki: "Kwa nini ulianzia kwangu?"

"Mtaro huchimbwa kuanzia pale maji yatakapomwagikia," akasema. Akafuta matope kwenye mpini wa jembe. "Na kwako ndiko kulikuwa kubaya zaidi."

Nikakaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Naye akakaa, mbali kidogo. Hakunifariji na hakunitukana. Ningependa afanye moja kati ya hayo.

Alhamisi, 19 Desemba

Don Wilson amekuja kwangu akalia kama mtoto. Ufa alionyeshwa tangu mwezi wa kumi. Aliogopa manispaa ikisikia neno ufa itatupaka alama nyekundu mlangoni na kututoa sote, akamwambia kijana afanye kazi kimyakimya na asitaje. Siku ile penye kitambaa Rosalino alitaja, na Wilson akanyamaza.

Kwa muda nilifurahi kweli. Nimepata wa kulaumiwa! Niliwaza namna nitakavyomwambia Edelmira: ni Wilson, komadre, alijua yote. Kisha nikakumbuka nani alisimama, na nani alichekwa, na supu ilichemshwa kwa kuni gani.

Ijumaa, 20 Desemba

Edelmira analala kwangu, chumba cha nyuma. Leo, tukikunja nguo walizotuletea watu, akauliza, "Komadre, una hakika hapa ni salama?"

"Ni salama."

"Unajuaje?"

Ningeweza kusema Mungu yupo, naye angeitikia amina. Nikamwambia. Nilimweleza mtaro unapita wapi na unakoma wapi na kwa sababu gani. Vigingi vya nyuma yako nilivichoma, nikasema, na ile supu niliyokuletea iliivia juu yake.

Aliendelea kukunja blauzi, mikono kwa ndani, kola juu. Alipomaliza akaiweka pamoja na nyingine.

"Na mimi nilisimama nusu," akasema. "Nilikuwa najua unakosea, na nikakaa." Kisha akasema, "Ukuta utajengwa. Lakini Maribel akiuliza, usinitume mimi. Utamwambia wewe."

"Nitamwambia."

"Siku hiyo hiyo atakayofika, Targelia."

Hajawahi kuniita kwa jina tupu tangu tubatize.

Jumapili, 22 Desemba

Amefika. Amenenepa, amekata nywele, anaongea kama watu wa kule. Alinikumbatia akaniita mama wa ubatizo, akanusa shingo yangu kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. Baada ya chai akataka kupaona, nikampeleka mimi. Kule juu Rosalino na wengine walikuwa wanaendeleza mtaro, leo ni watu wengi, hata fundi viatu.

Nikamwambia yote, tumesimama pale penye matope. Sikujitetea. Bado alikuwa amevaa koti lake la safari. Alisikiliza mpaka mwisho, akitazama kipande cha ukuta wa pichi kilichochomoza, na nilidhani atalia au atanipiga, nami nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Mama wa ubatizo," akasema taratibu, "mimi nilitafuta ndege ya kufika tarehe kumi na saba. Ilikuwa imejaa. Ningepata nafasi, ningefika mchovu vile, jioni ile ungenilazimisha nije kwenye novena, au ungesema mwacheni mtoto alale chumbani kwake?"

Ningesema mwacheni alale. Ananijua, anajua ningesema hivyo. Alingoja jibu kwa adabu kabisa, na mimi nikamjibu.